Vidole Vinane

Msomaji wangu, kabla hujaendelea mbele, nakuomba ukiweke kitabu hiki mezani kwa muda mfupi, ukunjue mkono wako wa kulia, uutazame. Mkono huo umekuwa nawe tangu siku uliyozaliwa. Umekulisha, umekuvika, umekuandikia. Sasa jiulize: ukitakiwa kuueleza kwa maneno, hata mtu asiyepata kukuona akautambua katikati ya mikono mingine mia, utasema nini? Kwamba una vidole vitano? Mikono karibu yote ina vidole vitano. Si yote, kama utakavyoona hapa chini. Kwamba vidole vyako ni virefu? Hata kalamu huwa ndefu. Swali hili laonekana dogo, nami nililidharau kwa muda mrefu, mpaka liliponijia darasani na kuniaibisha mbele ya wanafunzi wangu.

Mimi ni mwalimu. Nilizaliwa Muyeye, katika mji wa Malindi, mahali ambapo paa za makuti na paa za mabati hukaa jirani, na ambapo mtu husikia Kiswahili na Kigiriama katika duka moja, pengine katika kinywa kimoja. Baada ya kusoma katika chuo cha ualimu nilirudi kufundisha si mbali na nyumbani kwetu, nikapewa lugha zote mbili, Kiswahili na Kiingereza. Nilijiona nimekamilika. Nilikuwa na cheti, nilikuwa na chaki, nami nilidhani kwamba mwenye vitu hivyo viwili hawezi kushindwa na mtoto.

Asubuhi moja niliwapa wanafunzi zoezi la Kiingereza: waeleze mkono wa mtu wanayempenda. Ili kuwasaidia niliandika ubaoni vivumishi ambavyo Waingereza huvitumia wanaposifu au kukosoa vidole: slender, yaani vyembamba vya kupendeza, stubby, yaani vifupi vinene, tapering, yaani vinavyochongoka kuelekea ncha, nimble, yaani vyepesi katika kazi, na gnarled, neno ambalo kwanza husemwa juu ya mti mkongwe, kisha juu ya vidole vya mzee. Wanafunzi waliinama wakaandika. Msichana mmoja aliandika habari za bibi yake ambaye hushona makuti ya kuuza, na katika sentensi yake ya mwisho aliliweka lile neno la mti mkongwe mahali pake hasa. Nikamsifu. Naye, badala ya kufurahi, aliinuka akaniuliza, "Mwalimu, nataka kumsomea bibi maneno haya jioni. Yeye hajui Kiingereza. Neno hili nimwambie nini kwa Kiswahili?"

Nilikuwa na haraka, na kengele ilikuwa karibu kulia. Nilijibu, "Kiswahili hakina neno hilo."

Darasa lilicheka. Hawakumcheka msichana, wala hawakunicheka mimi. Waliicheka lugha ya mama zao, kama watu wamchekavyo maskini aliyekwenda arusini bila viatu. Yule msichana aliketi, akachukua kifutio, akaifuta sentensi yake ya mwisho. Nilimwona, wala sikumzuia.

Msomaji, mwalimu akikosa katika hesabu, mwanafunzi hupoteza alama moja. Lakini mwalimu akisema kwamba lugha ya mtoto haina neno la kuelezea mkono wa bibi yake, mtoto hupoteza kitu ambacho hakirudishwi kwa kalamu nyekundu. Usiku ule sikulala upesi. Nilifungua kamusi zangu, ya Kiingereza upande huu na ya Kiswahili upande huu, nikaanza kutafuta. Nikuambie niliyoyapata.

Jambo la kwanza lilinishangaza. Kiingereza kina neno lake la asili kwa kidole, nalo ni finger. Walakini wataalamu wake wanapotaka kivumishi cha kitu kilicho mfano wa kidole, aghalabu huliacha neno hilo nyumbani, wakaenda kukopa kwa Warumi na Wayunani. Kwa Kilatini kidole ni digitus. Humo limetoka neno digitate, wanalolitumia kwa jani lililogawanyika kama vidole. Humo pia limetoka digital. Kwa kuwa watu wa kale walihesabu kwa vidole, neno la kidole likawa neno la tarakimu. Na kwa kuwa mashine za siku hizi hufanya kazi kwa tarakimu, zikaitwa kwa jina hilo. Basi kila usemapo dijitali, nawe hulisema kila siku, unasema jambo la vidole bila kujua.

Kwa Kiyunani kidole ni daktylos. Wanachuoni wengi husema kwamba neno la Kiingereza la tende, date, limetoka humo, kwa sababu tende hufanana na ncha ya kidole. Mtende wenyewe huitwa na wataalamu wa mimea Phoenix dactylifera, na sehemu ya pili ya jina hilo maana yake ni mti uzaao vidole. Hata ushairi wao ulichukua jina hapo. Mpigo mmoja wa mashairi ya Kiyunani huitwa daktili: silabi moja ndefu ikifuatwa na mbili fupi. Tazama kidole chako cha shahada kuanzia kitangani kwenda kwenye ukucha, uone jinsi pingili ya kwanza ilivyo ndefu na mbili za mbele zilivyo fupi.

Nikatazama nje dirishani, nikakumbuka mbuyu. Mti huu wa kwetu, ambao watoto hula mabuyu yake na wazee husimulia visa vyake, una jina la kitaalamu ambalo lilianzia Ulaya katika karne ya 18: Adansonia digitata. Sehemu ya kwanza ni kwa heshima ya Michel Adanson, Mfaransa aliyekaa Senegali tangu mwaka 1749 hadi 1753 akichunguza mimea. Sehemu ya pili maana yake ni wenye vidole, kwa sababu jani la mbuyu mzima hugawanyika vijani vitano, sita au saba, vikatandaza kama mkono uliokunjuliwa. Mche mchanga hauna vidole hivyo. Majani yake ya kwanza ni mamoja mamoja, hayakugawanyika. Vidole huja kwa umri. Nilikuwa nimepita chini ya majani hayo tangu utoto, wala sikupata kuyahesabu.

Basi nikajiuliza: ikiwa Mwingereza hakuona haya kuazima kidole kwa Mrumi na Myunani, kwa nini mimi nikione Kiswahili kuwa maskini? Nikageukia kamusi yangu ya pili.

Ni kweli kwamba vivumishi vya asili vya Kiswahili si vingi. Mashina kama -refu, -fupi, -nene, -embamba na -gumu yahesabika upesi. Lakini lugha yetu haikuziba mlango hapo. Ina kiungo cha -a, ina -enye, ina vitenzi vinavyobeba sifa ndani yake. Vidole vya bibi mshona makuti vyaweza kuwa vyenye sugu, vyenye makunyanzi, vya mafundo, vilivyopinda, vilivyokakamaa, vilivyozoea miiba. Mwingereza huchukua neno moja lililokwisha chongwa. Mswahili hulichonga lake papo hapo, kwa kipimo cha kitu anachokitazama.

Na katika kutaja maumbo, hatukuwaachia wengine. Kuna sehemu ndogo ya utumbo ambayo Waingereza huipa kivumishi cha Kilatini chenye maana ya mfano wa mnyoo. Sisi tuliitazama sehemu hiyo hiyo tukaiita kidole tumbo. Wao waliona mnyoo, sisi tuliona kidole. Nami nadhani jina letu lina adabu zaidi. Kinyume cha hayo, nafaka ambayo Waingereza waliiona kuwa na vidole, kwa sababu masuke yake hujikunja kama ngumi isiyofumbwa barabara, sisi twaiita wimbi tu, au ulezi. Bamia nayo waliipa jina la kidole cha bibi, na sisi tukaiacha iwe bamia. Mikono mirefu ya pweza tuliipa jina lake peke yake, minyiri, wala haihitaji kuazima kitu kwa mwanadamu. Kila lugha huchagua mahali pa kuona vidole. Isipoona hapa, huona pale.

Lakini kamusi haikunipa neno moja la kulitia mahali pa lile neno la mti mkongwe nikatosheka. Ikanibidi kwenda kwa mtu ambaye ningalimwendea tangu mwanzo. Hapa, msomaji, nina jambo la kuungama.

Baba yangu ni mvuvi. Usiku mmoja, nilipokuwa mdogo, alikuwa baharini na wenzake akivua kwa mshipi. Uzi wa mshipi ulikuwa umejizungusha katika mkono wake wa kulia wakati samaki mkubwa aliponasa na kukimbia. Kabla hajapata kuufungua, uzi ulikwisha kukata mpaka mfupa. Vidole viwili, cha shahada na cha kati, havikuweza kuokolewa, vikakatwa, vikabaki vigutu. Tangu hapo baba yangu ana vidole vinane.

Katika utoto wangu sikuona upungufu wowote. Baba alikuwa akipima kila kitu kwa mkono. Upana wa kidole kimoja ni wanda, na vidole vingi ni nyanda. Kutoka ncha ya gumba mpaka ncha ya kidole cha shahada ni futuri. Kutoka ncha ya gumba mpaka ncha ya kidole cha mwisho, mkono ukikunjuliwa sana, ni shibiri. Kutoka kisugudi mpaka ncha ya kidole cha kati ni dhiraa. Baba alikuwa akisema kwa mzaha kwamba samaki yule alimwibia futuri na dhiraa ya mkono wa kulia, lakini shibiri alimwachia. Macho ya nyavu aliyapima kwa mkono wa kushoto. Jicho ambalo vidole vyake vitatu havikupita pamoja, hakulitia majini. "Samaki mdogo," alikuwa akisema, "ni wa mwakani. Ukimla leo, mwakani utakula nini?" Katika sala, wakati wa kunyanyua kidole cha shahada, alikinyanyua kile kigutu. Sikupata kumsikia akisikitika.

Basi ikawa siku ya kumaliza masomo yangu chuoni. Wazazi walialikwa. Baba alikuja kwa matwana, amevaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi, na kofia ya kushonwa kwa mkono. Rafiki zangu walikuja kumwamkia. "Shikamoo, mzee," walisema, naye akajibu, "Marahaba, wanangu," akanyosha mkono wake wa kulia. Nami, kabla rafiki wa kwanza hajaupokea, niliushika mkono ule kwa mikono yangu miwili, nikaufunika, nikajifanya kumwongoza kwenye kiti kwa heshima. Waliotazama waliona mwana mwenye adabu. Baba hakuona hivyo. Aliniangalia mara moja tu, kisha akauingiza mkono katika mfuko wa kanzu. Haukutoka siku ile. Wala, kwa miaka iliyofuata, haukutoka mbele ya rafiki yangu hata mmoja.

Hayo ndiyo niliyoyafanya, mimi mwalimu wa vivumishi. Nilikuwa nimemfuta baba yangu kama yule msichana alivyoifuta sentensi yake, na sababu ilikuwa moja: sisi sote wawili tulifundishwa kuonea haya mkono uliotulisha. Tofauti ni kwamba yeye alifundishwa na mimi.

Jioni ya siku ya pili nilimkuta baba uani, chini ya mwarobaini, akitengeneza wavu. Nilimwamkia, nikaketi, nikamwuliza, "Baba, vidole vya mtu aliyezeeka katika kazi, vilivyovimba viungo na kupinda, utavitaja vipi?"

Hakufikiri sana. "Ni vidole vya mafundo," alisema. "Umewahi kuuona mkwaju mkongwe, matawi yake yalivyo? Mti ule hauvunjiki kwa upepo, kwa sababu ya mafundo. Mwambie mtu ana vidole vya mkwaju, atakuelewa." Kisha akasema, "Na huu wangu, huko kwenye vitabu vyenu, unaitwaje?"

Nilijua maneno. Kamusi ilikuwa imenipa matatu au manne, ya Kiingereza na ya Kiswahili. Hakuna hata moja lililonipitia kooni. Nilisema, "Baba, siku ile chuoni niliuficha mkono wako. Nisamehe."

Alinyamaza kwa muda. Sindano ya nyavu ilikuwa imesimama katikati ya jicho. Halafu akasema, "Nilikuwa nangoja uliseme mwenyewe. Mimi nisingalilisema." Akaninyoshea mkono wa kulia, nikaupokea, nikaubusu mahali penye kovu. Hakuongeza neno. Aliniambia nimshikie upande wa pili wa wavu, kwa kuwa jua lilikuwa linakwenda na jarife lilikuwa bado na tundu mbili.

Siku zilizofuata nilifanya mambo mawili. La kwanza, nilisimama darasani nikawaambia wanafunzi kwamba nilikosea. Nilimwita yule msichana kwa jina, nikaandika ubaoni kwa herufi kubwa: vidole vya mkwaju. Alitazama ubao, akafungua daftari mahali palipofutwa, akaandika. Kesho yake alinijia kabla ya kengele. Alisema kwamba bibi aliposikia maneno yale alicheka, kisha akaitazama mikono yake kwa muda mrefu, kisha akamwomba amsomee tena.

La pili, nilimwomba baba aje kutufundisha mizani. Huenda hujui kwamba wavuvi wengi wa pwani hii hupenda tenzi. Ubeti wa utenzi una mishororo minne, na kila mshororo una mizani 8. Sanaa hiyo ni ya kale kwetu: hati ya Utendi wa Tambuka, mojawapo ya hati kongwe za Kiswahili tulizo nazo, ni ya mwaka 1728. Mimi huwafundisha wanafunzi kuhesabu mizani kwa penseli, wakiweka alama juu ya kila silabi. Baba alisimama mbele ya darasa na mkono wake wa kulia ukiwa mfukoni. Watoto walikaa kimya. Nilimtazama, sikusema kitu. Akautoa.

Nilisikia mvulana mmoja akivuta pumzi. Baba naye alisikia. Aliinua mikono yote miwili, akaikunjua, akasema, "Nihesabieni." Wakahesabu kwa sauti: kushoto vitano, kulia vitatu. Nane. "Vyema," alisema. "Ninyi mwenye vidole kumi mtazidisha mizani miwili, mshororo utapinda. Mimi siwezi kukosea. Mungu ameniachia mshororo mmoja kamili." Darasa likacheka, na kicheko hicho, msomaji, hakikuwa kama kile cha kwanza. Kisha akawatungia mshororo papo hapo juu ya mvua iliyokuwa ikinyesha, akikunja kidole kimoja kwa kila silabi, na silabi ya mwisho ikamalizika juu ya kidole cha mwisho. Walimtaka arudie. Alirudia mpaka kengele ikalia, na hata ilipolia hawakuinuka.

Wakati wa kuondoka, wanafunzi walipanga mstari kumwaga. Kila mmoja alimpa mkono. Nilisimama kando, mikono yangu nyuma, nikiitazama mikono midogo ikiingia katika mkono ule mmoja baada ya mwingine.

Msomaji wangu, nimekuambia habari za Kilatini na Kiyunani, za mbuyu na mtende, kwa sababu yafaa uzijue. Mwanafunzi asiogope neno lolote la lugha yoyote, kwani kila neno lina nyumba lilikozaliwa na njia liliyopita. Jifunze Kiingereza vizuri, pamoja na vivumishi vyake vyote. Lakini usikubali mtu akuambie, hata akiwa mwalimu mwenye cheti, kwamba lugha yako haina neno, kabla hujamwuliza mzee anayefanya kazi kwa mikono. Mara nyingi neno lipo. Limekaa uani, linatengeneza wavu.

Nakuachia zoezi. Mtafute mtu mmoja ambaye mikono yake imekulisha. Umwombe akuonyeshe. Hesabu vidole, tazama sugu, tazama makovu, uliza kila kovu lilitoka wapi. Kisha andika sentensi tano za kuueleza mkono huo, kwanza kwa Kiswahili, halafu kwa Kiingereza ukitaka. Usimletee mwalimu kwanza. Msomee mwenye mkono. Akikuomba urudie, umefaulu.